Sehemu Uliyoitaja Tu

Febronia alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Ngara kabla hajawa mwandishi wa maelezo ya mashine mjini Kigali. Watu wa nyumbani hawakuielewa kazi yake mpya, naye alichoka kuieleza. Akawa anawaambia tu kwamba yuko kwenye kampuni ya kompyuta, Kicukiro, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa imetengeneza mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa, ukanunuliwa na zahanati ndogondogo zinazopeleka wauguzi majumbani. Zamani mgonjwa akihama nyumba au akitaka siku nyingine ya kutembelewa, karani alifungua kompyuta akabadilisha. Sasa karani hayupo. Simu hupokelewa na wakala wa akili mnemba, programu inayozungumza Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili kama mtu, na mazungumzo yakiisha huingia yenyewe kwenye rekodi ya mgonjwa ikabadilisha kilichotakiwa. Lakini wakala hakuzaliwa anaujua mfumo. Amepewa zana: moja ya kumtafuta mgonjwa, moja ya kupanga ziara, moja ya kubadilisha rekodi. Kila zana ina maelezo yanayomwambia inafanya nini na itumikeje. Wakala huyasoma na kuyaamini. Hana pengine pa kuuliza. Maelezo hayo ndiyo aliyoyaandika Febronia.

Zana ya kubadilisha rekodi ilimtia mashaka tangu mwanzo. Alipoijaribu kwa mgonjwa wa kubuni, akatuma namba mpya ya simu peke yake, namba iliingia vizuri, lakini vingine vyote vikafutika: anwani, dawa, jina la ndugu. Alikwenda kwa Armel, mhandisi aliyeitengeneza.

"Armel, hii ni sawa na kumpelekea fundi shati akushonee kifungo, akakurudishia kifungo bila shati."

Armel alicheka. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, kijana mpole, mke wake mjamzito, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko. "Njo iko hivyo, dada. Inaandika rekodi yote upya. Wakala anapaswa kusoma yote kwanza, halafu arudishe yote na ile kitu mpya."

Basi Febronia akaandika hivyo hivyo, kwa onyo refu lisilo na njia ya kupotea: soma rekodi nzima kwanza, rudisha kila sehemu, usiache hata moja. Wakala akatii. Ila alitii polepole. Watu waliopiga simu wakawa wanangoja kimya kirefu, wengine wanakata, na zahanati zikaanza kulalamika.

Alhamisi moja Charles, mkuu wao, aliwaita wote wawili. Charles alikuwa Mtanzania kama Febronia, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kusimama huku wengine wamekaa.

"Jumatatu tuna wageni," alisema. "Hospitali kubwa, wanataka kuona wakala anavyofanya kazi. Siwezi kuwaonyesha wakala anayeganda. Maelezo ya zana yafupishwe. Kila moja sentensi moja."

"Hii ya kubadilisha rekodi haiwezi kuwa sentensi moja," Febronia akasema. "Ukiondoa onyo, wakala atafuta taarifa za watu."

Charles akamgeukia Armel. "Huwezi kuirekebisha isifute?"

"Naweza. Iguse tu ile sehemu imetajwa. Si kazi kubwa. Leo mbele ya jioni nitakuwa nimemaliza." Akamwambia Febronia, "Wewe andika tu kama imeshakwisha."

Akaandika. Charles alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. *Hubadilisha sehemu uliyoitaja tu. Nyingine hubaki zilivyo.* Ilikuwa sentensi safi, ya mwalimu. Haikuwa kweli, bado. Ingekuwa kweli jioni. Akaiingiza kwenye mfumo, na tangu saa ile wakala akaanza kuitumia.

Jioni haikufika kwa namna waliyopanga. Charles alimchukua Armel akamtia kwenye maandalizi ya wageni. Asubuhi ya Ijumaa Febronia alipita mezani kwake.

"Umemaliza ile?"

"Dada, angalia mwenyewe nilivyo. Kesho, au Jumatatu."

"Basi narudisha onyo langu."

"Muulize Charles."

Alimuuliza Charles, aliyekuwa kwenye simu. Charles akafunika simu kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema usiguse kitu chochote mpaka wageni wapite. Febronia akarudi mezani. Ufunguo wa kurudisha onyo alikuwa nao yeye mwenyewe, na kazi ingekuwa ya kufumba na kufumbua. Aliutazama mstari ule kwa muda, kisha akafungua kazi nyingine.

Ijumaa hiyo hiyo, huko Kanombe karibu na uwanja wa ndege, mama mmoja aitwaye Xavérine alipiga simu zahanati.

Mumewe, Jean-Bosco Ndihokubwayo, alikuwa dereva wa malori. Nusu ya umri wake aliimaliza kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam, na nusu iliyobaki akaitumia kuisimulia, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia na sauti pamoja. Tangu hapo alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, ndege zikipita juu ya bati, akaeleweka na mkewe peke yake. Mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Muuguzi alikuja kukisafisha, na kila muuguzi mpya Xavérine alimwambia jambo moja kabla hata hajamkaribisha kiti: huyu mzee penisilini itamuua. Alishachomwa siku moja huko Dar, akavimba koo, akaponea chupuchupu. Muuguzi wa kwanza aliliandika kwenye rekodi, kwa herufi nyekundu, na Xavérine akatulia.

Simu yake ilikuwa imeibwa sokoni, kwa hiyo alipiga kuwapa namba mpya. Aliyepokea alikuwa na sauti ya kike, ya upole, iliyomwita kwa jina.

"Nimeibadilisha, mama. Namba yako mpya imeingia. Kuna kingine nikusaidie?"

"Hakuna, mwanangu. Mungu akubariki."

Jumamosi asubuhi alikwenda Misa ya maziko ya jirani, akamwacha mzee na binti wa nyumba ya pili. Muuguzi wa siku zote alikuwa amejifungua juzi. Aliyekuja alikuwa Kamikazi, msichana ambaye hata cheti chake cha uuguzi kilikuwa bado kipya. Hakuwa amewahi kufika nyumba ile, alifuata anwani iliyoandikwa kwenye ratiba ya ziara. Alipofungua bandeji alikuta kidonda kinanuka na mguu unawaka moto, na paji la uso la mzee vilevile. Akampigia daktari wa zahanati.

"Ana mzio wa dawa yoyote?" daktari akauliza.

Kamikazi akatazama simu yake. Sehemu ya mzio ilikuwa tupu. "Hakuna kilichoandikwa."

"Mchome penisilini, halafu umwandikie gari la kumpeleka hospitali Jumatatu."

Lakini Kamikazi alikuwa mwangalifu, na kitu kilimsumbua, kwa sababu sehemu nyingine pia zilikuwa tupu. Akampigia Xavérine. Namba ilikuwa sahihi kabisa, ile mpya. Iliita ndani ya mkoba, kanisani, sauti ikiwa imezimwa. Akapiga tena. Binti wa jirani hakujua chochote kuhusu dawa.

Jean-Bosco alipoiona sindano aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akatoa sauti kooni. Kamikazi aliushika ule mkono akaubembeleza. "Pole mzee wangu. Haiumi."

Gari la wagonjwa lililoitwa koo la mzee lilipovimba lilimkuta ameshakata roho, kichwa chake mapajani mwa Kamikazi, na Kamikazi anapiga kelele.

Jumatatu wageni walikuja, wakaonyeshwa, wakafurahi. Febronia hakujua lolote mpaka walipoondoka, ndipo akaona ujumbe wa zahanati: mgonjwa amefariki baada ya sindano, muuguzi anadai rekodi haikuonyesha mzio, tafadhali kampuni ieleze. Aliusoma akiwa amesimama. Halafu akakaa kwenye kompyuta.

Akafungua rekodi ya Jean-Bosco. Mzio: penisilini. Herufi nyekundu. Kila kitu kilikuwepo: anwani, dawa, jina la mke, na namba mpya. Akafungua zana yenyewe, akaijaribu kwa mgonjwa wa kubuni, akatuma namba ya simu peke yake. Namba ikabadilika. Vingine vikabaki vilivyo.

Alikwenda kwa Armel. Macho ya Armel yalikuwa mekundu, na hakuyainua.

"Umerekebisha lini?"

"Jana. Charles aliniita, zahanati ilikuwa imempigia. Nilirekebisha, halafu nikarudisha rekodi zote zilizofutika toka Alhamisi. Zilikuwa nyingi."

"Na alama mfumo unazoacha kwamba zilifutika?"

Armel akafunga kompyuta yake.

Charles aliwaita tena, mlango ukafungwa. Safari hii yeye alikaa.

"Nimehuzunika kama nyinyi," alisema, na Febronia aliona kwamba hasemi uongo. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyefunga. "Lakini tusikilizane. Leo mtu yeyote akiijaribu zana, inafanya vilevile maelezo yanavyosema. Rekodi ya mzee ina mzio wake. Sisi hatuna la kueleza zaidi ya hapo."

"Jumamosi haikuwa na mzio, Charles. Msichana yule amesema kweli."

"Unajua wewe? Ulikuwepo?"

"Ninajua nilichoandika."

"Uliandika sentensi iliyo sahihi, Dada Febronia. Isome." Akaweka viganja mezani. "Tuna watu wengi humu wanaolisha familia zao. Kibali chako cha kukaa hapa pia kinapitia kampuni hii. Sikutishi. Nakukumbusha."

Katikati ya wiki habari ikaja kwamba Kamikazi amekamatwa. Wachunguzi walikuwa wameiona rekodi yenye herufi nyekundu, na daktari alikuwa ameeleza kwamba yeye aliuliza na muuguzi akamwambia hakuna mzio. Sasa msichana alionekana mzembe, na juu ya uzembe, mwongo.

Febronia na Armel wote walikaa Kagugu, na jioni ile walishuka basi pamoja barabarani wakaanza kupanda kilima kwa miguu. Kando ya njia nyumba mpya zilikuwa zinajengwa, mafundi wakikusanya vyombo vyao waondoke. Febronia alingoja mpaka wakawa peke yao.

"Tukaseme, Armel. Wawili tukisema watatuamini."

"Mimi siwezi."

"Msichana amelala mahabusu."

"Najua pale amelala!" Alisimama. "Unafikiri mimi nalala? Mke wangu anazaa mwezi ujao. Wakiniuliza nani aliondoa zile alama, nitasema nini? Ni mikono yangu. Wewe uliandika maneno tu. Mimi njo nilifuta."

"Maneno yangu ndiyo yaliyomwambia wakala asisome."

"Basi nenda ukaseme ya kwako." Akaanza kutembea, kisha akarudi hatua moja, sauti imeshuka. "Usinitaje, Dada Febronia. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Febronia akaendelea kupanda kilima peke yake.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda kwa wachunguzi, akapokelewa na mama mmoja aliyevaa miwani, akaeleza tangu mwanzo: zana, onyo, sentensi moja, Alhamisi ile, bila kumtaja Armel. Mchunguzi alimsikiliza bila kumkatiza, akaandika kidogo sana.

"Unasema kwamba ili rekodi ifutike, lazima mtu awe amepiga simu akabadilisha kitu."

"Ndiyo."

"Kampuni yako inasema hakuna aliyepiga. Kumbukumbu za simu za Ijumaa wanasema zilipotea wakati wa matengenezo. Nani alipiga?"

Febronia aliikumbuka namba ile mpya kwenye rekodi. Alijua. Hakuwa amelifikiria mpaka saa ile, kwa sababu alikuwa akifikiria sentensi yake, na Armel, na msichana. Hakuwa amefikiria kwamba upande wa pili wa simu alikuwepo mtu.

"Nadhani ni mke wa marehemu," akasema.

"Kudhani hakutoshi. Alikuja hapa, hakusema habari ya simu. Hakuna aliyemwuliza." Mchunguzi akavua miwani. "Akisema yeye mwenyewe, naweza kuipeleka kampuni yako pabaya. Bila yeye, wewe ni mfanyakazi mwenye ugomvi na bosi wake."

Hakukuwa na njia nyingine ya kumtoa Kamikazi. Na njia hiyo ilipitia kumwambia mjane kwamba simu yake ndiyo iliyomfutia mumewe onyo.

Alipofika Kanombe watu wa ikiriyo, yaani wanaokuja kukaa na wafiwa, walikuwa bado wamejaa uani kwenye viti vya kukodi. Xavérine alikuwa chumbani, kwenye mkeka, kanga imemfunika mabega. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na aliposikia lafudhi ya Febronia uso wake ulichangamka kidogo.

"Wewe ni wa Tanzania, mwanangu. Wapi?"

"Ngara, Mama."

"Ngara! Mzee alikuwa analala Kabanga, pale mpakani, lori ikikataa. Alikuwa anasema watu wa kule wanamwelewa hata akiongea Kirundi." Akavuta kanga. "Umemjua wapi?"

"Sikumjua, Mama. Nafanya kazi kwa wale waliotengeneza kompyuta za zahanati."

"Aa. Ile sauti." Xavérine akatikisa kichwa taratibu. "Ile iko na adabu kuliko watu. Nimeipigia tena baada ya maziko, nikaiambia mzee ameaga, wasitume tena muuguzi. Ikanipa pole, vizuri kabisa. Nikalia naye."

Febronia alipiga magoti kwenye saruji, kwa sababu kukaa kwenye kiti mbele ya mama yule kulimshinda.

"Mama, na kabla ya hapo? Ijumaa, siku moja kabla. Ulipiga?"

"Nilipiga. Simu yangu iliibwa, nikawapa namba nyingine. Kwa nini?"

Alikuwa ametayarisha maneno njiani kote. Yote yalimtoka kichwani. Alisema kwa ufupi, kama mtu anayetoa mwiba: kwamba mashine ilikuwa na kasoro, kwamba ilipoandika namba mpya ilifuta mengine yote, na mzio ukiwa humo, kwamba Jumamosi muuguzi alipotazama hakukuta kitu, kwamba kasoro hiyo ilijulikana, na yeye Febronia aliandika maneno yaliyoificha. Kwamba baadaye walirudisha kila kitu ili ionekane hakikufutika.

Uani mtu alianzisha rozari, wengine wakaitikia.

"Kwa hiyo ningeacha tu," Xavérine akasema. "Ningekaa bila kuwapa ile namba."

"Hapana, Mama. Ulifanya linalotakiwa. Kosa ni letu."

"Nilisema asante. Nimeibariki." Aliitazama mikono yake kana kwamba imeletwa na mtu mwingine. "Umekuja kunipa hii kitu kwa nini? Ungeniachia tu yule msichana. Yule nilikuwa najua namna ya kumchukia."

"Kwa sababu yuko mahabusu, Mama. Na hakusema uongo."

"Toka."

"Mama—"

"Toka nje, mwanangu. Sikutukani. Toka."

Alitoka akipita katikati ya watu waliokuwa wakisali, na mmoja wao, akidhani analia kwa ajili ya marehemu, alimshika bega akampa pole.

Alikaa chumbani kwake Kagugu siku nzima iliyofuata akiamini kwamba amemvunja mama yule bure. Simu ya ofisi aliiacha iite. Jioni alipigiwa na mchunguzi.

"Amekuja," alisema. "Alikuja asubuhi peke yake, kabla sijafungua. Amesema yote: simu, namba, alivyojibiwa. Wanawe walimfuata hapa wakamkataza. Hakuwasikiliza."

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya haraka, lakini yalikwenda. Kampuni ya simu ilithibitisha kwamba Ijumaa ile alipiga. Charles alisema hakumbuki, kisha akasema amekumbuka. Armel alipoitwa safari ya pili hakukana tena. Alieleza kila alichofuta, na mchunguzi alimwambia Febronia kwamba alipomaliza aliomba maji akanywa glasi baada ya glasi. Mtoto wake alizaliwa akiwa anasubiri kusomewa mashtaka. Charles naye alishtakiwa. Kampuni haikufungwa. Ilipata mkuu mwingine, ikatoa tangazo kwamba hitilafu ya muda imerekebishwa, na simu za wagonjwa zikaendelea kupokelewa na sauti ile ile. Febronia alihesabiwa kuwa shahidi, jambo ambalo hakuona kama ni heshima. Aliandika barua ya kuacha kazi kabla hawajamwandikia wao, akapata vipindi vya Kiswahili kwenye shule moja ya watoto.

Kamikazi aliachiwa asubuhi ya mvua. Febronia alikwenda kumngoja nje, akamkuta mama yake msichana amesimama na mwavuli na sweta. Kamikazi alitoka amekonda, nywele zimekatwa. Mama yake alimvisha sweta kama mtoto, kifungo kwa kifungo.

"Mimi ni Febronia," alijitambulisha. "Ndimi niliyeandika yale maelezo ya kompyuta."

Kamikazi alimtazama bila chuki. Alionekana hana nguvu ya chuki. "Nilipiga simu mara mbili, dada," alisema. "Ningepiga ya tatu. Kila siku najiuliza, ya tatu ingekuwa kitu gani kwangu?"

"Haikuwa juu yako."

"Wewe unasema hivyo." Akapanda teksi na mama yake. Zahanati ilimwambia anaweza kurudi. Hakurudi, wala hakutafuta nyingine.

Misa ya arobaini ilisomwa Kanombe, na baada ya Misa watu walirudi nyumbani kwa Xavérine. Febronia alikwenda mapema kusaidia jikoni. Xavérine hakuwa amemwalika, lakini alipomwona mlangoni alimpa kisu na beseni la viazi, wakamenya pamoja. Wanawe walikuwepo, wamekaa upande wao. Mkubwa wao alikuwa hajamsamehe mama yake kwa kumtetea muuguzi. Alimsemesha kwa kupitia watu wengine.

Chakula kilipokuwa kinapakuliwa, Kamikazi alifika getini na mama yake. Walikuwa wamebeba kikapu cha maharage na pombe ya ndizi, kama inavyotakiwa. Mwana mkubwa alinyanyuka.

"Kaa," Xavérine akasema.

Alikwenda getini mwenyewe, taratibu, akajifuta mikono kwa kanga. Akapokea kikapu kutoka kwa yule mama, wakakumbatiana kwa mabega namna ya watu wa pale, upande mmoja, kisha upande wa pili. Kamikazi alipiga magoti kwenye vumbi. Alinyoosha mikono yote miwili kusalimia, kwa heshima, kichwa chini.

Xavérine hakuipokea. Alisimama tu, kikapu kifuani.

"Sina neno na wewe, mwanangu," alisema. "Nilikwenda mwenyewe nikasema wakuachie, na leo wakiniita nitasema tena. Lakini ile mikono siwezi kuishika. Nimejaribu. Nilisali hata leo asubuhi. Siwezi."

Kamikazi aliivuta mikono polepole, akaiingiza ndani ya mikono ya sweta mpaka vidole visionekane. Alisema amesikia. Mama yake alimwinua, wakaaga kwa adabu, wakashuka njiani bila kula.

Xavérine aliwatazama mpaka wakapinda kona. Kisha akamkabidhi Febronia kikapu, akamwambia maharage yachaguliwe vizuri, huwa yana mawe.